Kutoka Arobaini Hadi Dede: Vidokezo kwa Mama wa Mtoto wa Kwanza

Mtoto wa kwanza akizaliwa, nyumba hujaa ushauri kabla hata kitovu hakijadondoka. Bibi ana lake, wifi ana lake, muuguzi wa kliniki ana lake, na simu nayo haikosi la kusema. Nimemlea mwanangu hapa Dar es Salaam hadi sasa ameshapita mwaka, mama mkwe akiwa chumba cha pili na kadi ya kliniki ikiwa mkobani. Katika yote niliyosikia, jambo moja ndilo nililoshikilia: kila hatua ya mtoto ina upana wake. Ndani ya upana huo kazi yetu ni kumpa nafasi, wala si kumharakisha. Akitoka nje ya upana huo, tusingoje. Vidokezo hivi nimevipanga kwa umri, ingawa watoto wenyewe hawapangiki.

1. Arobaini ichukue yote

Pwani mzazi hukaa ndani siku arobaini. Anapikiwa, anafuliwa, anaogeshewa mtoto, na asubuhi analetewa uji wa pilipili manga. Kwa wenzetu wa Kilimanjaro, huo ndio msimu wa mtori kutotoka jikoni. Wapo wadada wa mjini wanaoona haya kuhudumiwa, wanataka wiki ya pili tu waonekane wameshasimama. Usiwafuate. Mfuko wa uzazi huchukua takriban wiki sita kurudi ukubwa wake wa kawaida, na wiki sita ni siku 42. Wazee wetu walihesabu vizuri.

Nina mawili tu ya kuongeza. Maji ya kumkanda mzazi yawe ya uvuguvugu, yasimuunguze, na aliyejifungua kwa upasuaji kidonda chake kisiguswe. Pili, kukaa ndani kusiwe sababu ya kukosa kliniki. Mama na mtoto wanatakiwa waonwe ndani ya saa 24 za mwanzo, kisha siku ya pili au ya tatu, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Homa, damu inayolowesha pedi moja baada ya nyingine, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu ni mambo ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, arobaini au si arobaini.

2. Dang'a ndiyo chakula chake cha kwanza

Yale maziwa ya njano, mazito, machache, ndiyo hasa anayoyahitaji, na anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Yana kinga nyingi, na tumbo la mtoto mchanga ni dogo mno, kwa hiyo uchache wake usikutie hofu. Maziwa mengi huja siku ya tatu hivi. Katika siku hizo za mwanzo mtoto hupungua uzito kidogo, hata asilimia 7 mpaka 10 ya uzito aliozaliwa nao, kisha anarudi mwenyewe kufikia wiki ya pili.

Ukiambiwa maziwa yako hayamtoshi, usibishane na mtu. Hesabu nepi. Kuanzia siku ya tano au ya sita, mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku na anayeongezeka uzito anashiba. Angalia pia mdomo wake anaponyonya: uwe umefunguka wazi na umeshika sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu. Akishika chuchu peke yake utaumia wewe, na yeye atabaki na njaa.

Kuhusu maji, najua joto la Dar lilivyo mwezi wa Februari. Bado maziwa ya mama yana maji zaidi ya asilimia 80, nayo yanatosha. Hadi miezi sita hakuna maji, hakuna glukosi, hakuna maji ya tumbo ya dukani wala dawa ya mitishamba ya kijiko kimoja. Hapa ndipo utakapohitaji msimamo kuliko mahali pengine popote, kwa sababu anayekuletea kijiko hicho anakupenda. Mimi nilimwambia mama mkwe, "Mama, muuguzi amekataza, naomba tumalize kwanza miezi sita," akanielewa. Agizo la kliniki husaidia kumkatalia mkubwa bila kumvunjia heshima.

3. Kitovu kiache kikavu

Usipake majivu, mafuta ya taa, samadi wala mate. Isipokuwa kama kituo kimekupa dawa maalumu ya kupaka, kisafi na kikavu kinatosha, na kitadondoka chenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Ngozi inayozunguka kitovu ikiwa nyekundu, au kikitoa usaha, nenda.

Nguo za kurithi nazo zifuliwe na zianikwe juani kabla hajavaa, hasa zilizokaa kabatini na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Mvuke wa vidonge hivyo unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, upungufu ambao si haba katika nchi zenye malaria, na manjano inayofuata huwa kali. Manjano ya kawaida huonekana siku ya pili au ya tatu na kuisha yenyewe. Ikitokea siku ya kwanza, au ikifika viganjani na nyayoni, ni ya hospitali. Kumwanika mtoto dirishani si tiba yake.

4. Mbebe, hazoei vibaya

"Utamzoesha mikono" ni maneno utakayoyasikia kila siku. Mtoto wa miezi miwili hana hila ya kukuchezea. Analia kwa sababu anahitaji kitu, na mara nyingi kitu hicho ni wewe. Mwaka 1978, hospitali moja ya Bogotá nchini Colombia ilikuwa na uhaba wa mashine za kuwatunzia njiti, na Dk. Edgar Rey akaanza kuwafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo leo inatumika duniani kote, hata katika wodi zetu, ambako tunaiita kangaruu. Kifua cha mama humpa mtoto joto na kumtuliza, na mtoto akiwa karibu na ziwa hunyonya mara kwa mara.

Mtoto ambaye shingo haijakaza abebwe kifuani, uso ukionekana na pua ikiwa wazi. Mbeleko ya mgongoni ingojee shingo ikaze, karibu miezi mitatu au minne. Mfunge magoti yakiwa yamekunjwa na mapaja yamepanuka kuukumbatia mgongo wako. Hivyo ndivyo bibi zetu walivyofunga, na ndivyo wataalamu wa nyonga za watoto wanavyotaka.

5. Wiki ya sita: tabasamu na sindano

Tabasamu la kweli, lile la kukutazama machoni na kukujibu, huja kati ya wiki ya sita na ya nane. Kabla ya hapo ni misuli tu, ingawa hata hiyo inafurahisha. Kuna mapenzi yanayochelewa kwa mama kwa sababu ya uchovu, na kwa wengi tabasamu hili ndilo huyafungua.

Wiki hiyo hiyo ndipo chanjo zinapoanza kwa wingi. Alipozaliwa alipata BCG ya kifua kikuu na matone ya polio. Sasa wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anapewa matone tena, pamoja na chanjo ya pamoja ya donda koo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na Hib. Zimo pia chanjo za nimonia na kuhara kwa rota, ambazo nchini kwetu zilianza kutolewa mwaka 2013. Mnyonyeshe wakati anachomwa na mara baada ya hapo, maumivu yanapungua. Kipele cha BCG begani hutunga, hupasuka, kisha huacha kovu, na hujitokeza wiki kadhaa baada ya sindano. Kiache hivyo hivyo, usikipake kitu.

6. Kwenye kadi, soma mstari

Nje ya chumba cha kupimia uzito kina mama huulizana, "Wako kilo ngapi?" Swali hilo limewaliza wengi. Kilo peke yake haisemi kitu mpaka uione imekaa wapi kati ya alama za miezi iliyopita.

Ile michoro ya kwenye kadi ina historia inayostahili kujulikana. Zamani vipimo vingi duniani vilitokana na watoto wa Marekani, na wengi wao walikunywa maziwa ya kopo. Kati ya mwaka 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wapatao 8,500 katika miji ya Pelotas, Accra, New Delhi, Oslo, Muscat na Davis, watoto walionyonyeshwa na kulelewa katika afya njema. Ikaonekana kwamba mtoto wa Ghana, wa Oman na wa Norway, wakipata matunzo mazuri katika miaka ya mwanzo, hukua karibu sawa. Vipimo vipya vikatoka mwaka 2006.

Kwa hiyo mtoto wako akiwa mwembamba lakini mstari wake unapanda sambamba na mistari iliyochapwa, yuko vizuri. Mtoto mnene ambaye mstari wake umelala miezi miwili mfululizo anahitaji kuangaliwa, hata kama mtaa mzima unamsifia mashavu. Kwa makadirio ya kawaida, uzito wa kuzaliwa huongezeka mara mbili karibu na mwezi wa tano na mara tatu anapotimiza mwaka. Mwombe muuguzi aichore alama mbele yako, naye akuambie inasema nini. Ni haki yako, usione unamsumbua.

7. Tandika mkeka

Mtoto akilala usingizi, mlaze chali, juu ya kitu kisicholegea, bila mito wala mablanketi ya kumfunika uso, ndani ya chandarua. Uingereza ilipowahimiza wazazi mwaka 1991 wawalaze watoto chali, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua sana. Lakini akiwa macho, mgeuze kifudifudi. Hapo ndipo shingo, mabega na mgongo vinapojengwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka angalau nusu saa kwa siku, iliyogawanywa vipande vipande, kwa mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa. Dakika mbili baada ya kubadilisha nepi, dakika tatu mchana, zinajumlishana. Ukilala chini mkatazamana, hachoki upesi. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na simu ni skrini.

Kufikia miezi minne mpaka sita atajipindua. Hatoi taarifa. Tangu akiwa na miezi mitatu, kitanda kisihesabiwe kuwa mahali salama pa kumwacha peke yake.

8. Akilia usiku, msimkate kitu

Hiki ndicho ninachokiandika kwa moyo mzito kuliko vyote. Kulia kwa watoto wachanga huongezeka hadi karibu wiki ya sita, hasa jioni na usiku, kisha hupungua kufikia miezi mitatu au minne. Anakunja miguu, anajikaza, uso unaiva. Watu husema ni mchango. Mwingine atasema ni kimeo, akatwe. Mwingine atafungua mdomo wa mtoto, aone vivimbe vyeupe kwenye fizi na kusema ni meno ya plastiki, yang'olewe.

Vivimbe hivyo ni meno yake mwenyewe ambayo bado hayajatoka. Kuyachimbua kwa spoku au kisu kumeua watoto kwa damu na maambukizi, na waliopona wengi hubaki na meno yaliyoharibika. Kimeo nacho ni kiungo cha mwili kama ulimi. Kukikata hakuponyi kikohozi wala kutapika. Mtoto anayekohoa sana au kutapika ana ugonjwa unaotafutwa hospitali, na kila siku anayozungushwa kwa wakataji ugonjwa huo unazidi kukua.

Kwa kilio kisicho na ugonjwa, mcheulishe baada ya kunyonya, mbebe wima, tembea naye, mwimbie, mpe baba yake naye atembee naye. Ukihisi hasira inakupanda, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika chache upumue. Usimtikise kamwe. Ubongo wake haustahimili.

9. Sheria inakujua, nawe ijue

Kwa walioajiriwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapata angalau siku 3. Ukirudi kazini, mwajiri anatakiwa akuruhusu kutoka kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Wengi hawaziombi saa hizo kwa sababu hawazijui. Ziombe kwa barua, mapema, kabla likizo haijaisha.

Siku 84 hazifiki miezi sita, kwa hiyo jifunze kukamua wiki mbili kabla ya kurudi. Mikono safi, chombo safi chenye mfuniko. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa chumbani kwa muda usiozidi saa 4 kama joto halizidi nyuzi 25, na mchana wa Dar mara nyingi unazidi, hivyo yatie kwenye friji au kasha lenye barafu. Kwenye friji hukaa hadi siku 4. Yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, yasichemshwe jikoni, na anyweshwe kwa kikombe kidogo. Kikombe husafishika kuliko chupa.

Na dada anayebaki na mtoto nyumbani, mfundishe haya yote kwa upole na umlipe vizuri. Anakulelea mwanao. Mpeleke naye kliniki siku moja asikie mwenyewe.

10. Miezi sita: uji mzito, si uji mwingi

Kufikia hapa akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inaisha, na maziwa pekee hayatoshi. Anza na vijiko vikubwa viwili au vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, ukipanda taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi tisa, milo mitatu au minne. Kunyonya kunaendelea hadi miaka miwili na zaidi.

Kosa la nyumba nyingi ni uji mwepesi. Tumbo lake dogo linajaa maji na linashiba bila kupata nguvu. Ukiinamisha kijiko, uji ubaki juu yake kidogo kabla ya kuanguka. Uongezee kitu: mafuta kidogo, karanga zilizosagwa laini, yai, parachichi. Dagaa waliokaushwa vizuri na kusagwa unga ni hazina, bei yake ndogo na chuma na kalisi zimo. Kiazi lishe kinampa vitamini A. Maini yaliyopondwa mara moja moja, mchicha, ndizi mbivu, papai. Mpe chakula cha nyumbani kwenu kilichopondwa vizuri, chumvi na sukari ukiviweka mbali, na asali usimpe kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambayo tumbo lake bado haliwezi kuizuia.

Kuhusu unga wa lishe wenye nafaka saba na mikunde mitatu, sioni faida yake. Nafaka moja au mbili na aina moja ya kunde zinatosha, na mtoto akipata vipele au kuhara ni rahisi kujua kilichosababisha. La muhimu zaidi ni ubora wa mahindi na karanga zenyewe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyoota ukungu. Chambua kwa mkono wako mwenyewe, tupa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zenye ukungu, kisha ndipo upeleke mashineni. Kuosha na kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Na asilishwe kwa nguvu. Kumlaza mapajani, kumbana pua na kummiminia uji kunaweza kuupeleka mapafuni. Mkalishe, mtazamane, ongea naye, ngoja afungue mdomo.

11. Meno hayaleti kuhara

Jino la kwanza, kwa kawaida la chini mbele, hutoka karibu na miezi sita, ila miezi minne au hata mwaka si ajabu. Mate yatamwagika, atatafuna kila kitu. Kuhara kunakokuja wakati huo kunatokana na hivyo anavyookota na kutia mdomoni. Ukisema "ni meno tu" unaweza kumkosesha maji mwilini. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo, mnyonyeshe zaidi, na upate vidonge vya zinki kituoni, avimalize siku 10 mpaka 14 hata kuhara kukiisha. Utosi ukibonyea, macho yakizama, au akilia bila machozi, ondoka nyumbani sasa hivi.

12. Kukaa, kusota, kutambaa, dede

Sasa ule upana niliousema mwanzo. Utafiti ule ule wa Shirika la Afya Duniani ulifuatilia pia viungo vya watoto katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto wenye afya walianza kukaa bila kushikiliwa kati ya karibu miezi 4 na 9. Kutambaa kwa mikono na magoti, miezi 5 hadi 13 na nusu. Kusimama dede, bila kushika kitu, miezi 7 hadi 17. Kutembea peke yake, miezi 8 hadi karibu 18.

Tazama nafasi iliyopo kati ya wa kwanza na wa mwisho: kwa kutembea ni zaidi ya miezi tisa, na wote ni wazima. Wapo pia ambao hawakutambaa kabisa, zaidi kidogo ya 4 katika kila 100. Walisota kwa makalio, au walivuta meza wakasimama, wakaenda. Wangu alisota. Shangazi zake walihangaika, mimi nikatazama kama anatumia pande zote mbili za mwili na kama kila mwezi unaleta kipya. Vyote vilikuwepo.

Vile vigari vya magurudumu vya kumsimamisha mtoto usinunue. Havimfundishi kutembea, na vinamfikisha kwenye jiko la mkaa na ngazi kabla akili yake haijavijua. Canada ilivipiga marufuku mwaka 2004. Hela hiyo weka kwenye mayai. Mwache peku sakafuni, mpe kigoda au ndoo iliyofunikwa asukume, panga viti apite akishikilia. Sufuria, mafuta ya taa, dawa na ndoo za maji viondoke njiani. Ndoo yenye maji kidogo inatosha kumzamisha mtoto anayejifunza kusimama.

Aliyezaliwa njiti, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Yapo mambo yasiyongoja: hatabasamu kufikia miezi mitatu, shingo haijakaza kufikia minne, hageukii sauti kufikia sita, hakai kufikia tisa, hatembei kufikia kumi na nane, anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, au alijua kitu kisha akakipoteza. Hayo yapeleke kwa daktari, na ukiambiwa "atakua tu" huku moyo haujatulia, muone mwingine. Tatizo likijulikana mapema, mazoezi ya viungo au tiba ya masikio huanza wakati mwili na ubongo bado vinajifunza kwa kasi.

13. Ongea naye, kwa lugha zote za nyumbani

Mwambie unachofanya: unamenya viazi, unakunja kanga, mvua inakuja. Akisema "ba-ba-ba" karibu na miezi sita au saba, mjibu, kisha nyamaza umpe zamu. Kama bibi yake anaongea naye Kisambaa na wewe Kiswahili, hatachanganyikiwa. Anaweza kubeba zote mbili. Karibu na miezi minane au tisa cheza naye kujificha nyuma ya kanga: sasa ameanza kujua kwamba kisichoonekana bado kipo. Ndiyo maana wakati huo huo analia ukitoka chumbani na anawakataa wageni. Mwage unapoondoka, usitoroke.

14. Na wewe je?

Machozi ya siku za mwanzo, bila sababu unayoweza kuitaja, huwapata wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, ukawa hulali hata mtoto amelala, huoni raha ya chochote, unajiona mama mbaya, au yanakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa na una tiba. Mwambie mtu leo: mume, dada, muuguzi. Na wewe uliye karibu na mzazi, ukija kumwona mtoto muulize mama kwanza amelala saa ngapi, kisha mshikie mtoto ili mama akaoge.

Kuna neno jingine linaloumiza kina mama, kubemenda. Mtoto akidhoofu, watu hunong'ona kwamba wazazi wamelala pamoja kabla hajaacha ziwa. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Kinachoweza kumwathiri mtoto ni mimba nyingine ya haraka, inayokuchosha wewe na kumkatisha yeye ziwa. Ushauri ni kungoja angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Kunyonyesha pekee hukukinga tu kama mtoto hajafika miezi sita, hapewi kingine chochote, ananyonya mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Likikosekana moja kati ya hayo, nenda upate njia ya uzazi wa mpango inayokufaa. Mtoto aliyedhoofu mpeleke akapimwe. Huenda ana kifua kikuu, minyoo, malaria au lishe duni, na aibu ya mama yake haitibu hata kimoja.

15. Kliniki haiishi miezi tisa

Miezi tisa anachomwa chanjo ya surua na rubela, na hapo wengi huifungia kadi kabatini. Kuna dozi ya pili miezi 18, na bila hiyo kinga haijakamilika. Matone ya vitamini A ni kila miezi sita tangu anapofika miezi sita hadi miaka mitano, na dawa ya minyoo huanza akitimiza mwaka. Ukienda ile ya miezi tisa, uliza kuhusu chandarua. Kama bado hujamsajili, uliza pia cheti cha kuzaliwa. Sheria inataka usajili ufanyike ndani ya siku 90, lakini waliochelewa nao huandikishwa. Kisha tarehe ya miezi 18 iandike kwenye simu yako, ya baba yake, na ya dada wa nyumbani.